Chupa Ambayo Sikuimwaga

Mimi ni mgumu wa kutupa vitu. Kopo la maziwa likiisha nalipandia mchicha, kanga ikichakaa inakuwa tambara la kudekia, na mkate uliokauka nauchovya kwenye chai mpaka uwe mkate tena. Majirani wananitania kwamba siku nikifa watakuta hata uchafu wangu umepangwa kwenye makopo. Nacheka nao. Sijapata kuwaambia tabia hiyo iliwahi kunifikisha wapi, na mtu niliyeogopa kuliko wote asije akaijua habari hii hayupo tena duniani. Kwa hiyo sasa naweza kuiandika, ingawa bado naogopa.

Nilikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali moja ndogo upande wa Temeke. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia kitu, maana jengo lenyewe lilishabomolewa. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipoitana ndugu kazini na kwenye foleni, na foleni zenyewe zilikuwa nyingi. Sabuni ililetwa duka la ushirika siku isiyojulikana. Ukisikia imefika unaacha ugali jikoni unakimbia. Nilipangiwa wadi ya wazazi. Tulikuwa na vitanda kumi na viwili, na pembeni chumba kidogo cha joto cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Mkuu wa wadi tulimwita Sista, kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa mama mwembamba asiyepaza sauti, na ufunguo wa kabati la vifaa haukutoka kiunoni mwake. Sabuni ya wadi ilikaa kwenye kabati hilo. Ilipoanza kupungua tulikatiwa vipande, vipande vikawa vidogo, mwishoni Sista akatangaza kwamba imekwisha. Basi tukabaki na beseni. Lilikaa mlangoni juu ya kigoda cha chuma, beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, na ndani yake maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, rangi yake kama chai nyepesi. Kila aliyeingia, awe daktari, muuguzi, mzazi au mgeni, alitumbukiza mikono humo, akaikung'uta, akaifuta kwa taulo lililoning'inia msumarini. Mwenye kulijaza beseni kila asubuhi nilikuwa mimi.

Nililijaza kutoka chupa moja kubwa ya kahawia, yenye shingo nyembamba na kizibo, ambamo dawa ilichanganywa na maji. Chupa hiyo hiyo ndiyo tuliyolowanishia pamba za kusafishia vitovu vya watoto. Chuoni walikuwa wametufundisha kwamba kila Jumamosi kilichobaki kwenye chupa kimwagwe, chupa ioshwe, ichemshwe, ikauke, ndipo ichanganywe dawa mpya. Nililiandika agizo hilo kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari kwa rula. Nakumbuka mstari ule ulivyonyooka.

Kisha dawa nayo ikawa adimu. Tuliitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, mwenyekiti wa kamati yetu akasimama akasema kila tone ni mali ya umma, na anayemwaga mali ya umma anamnyonya mwenzake. Maneno yaliniingia. Mimi nimelelewa Pugu, kwa mama ambaye maji aliyafuata mbali kwa ndoo kichwani, na mtungi wake haukupata kukauka hata siku moja. Yakibaki ya chini anaongeza mapya juu yake, nasi tukiteka kwa kata tunasifu yalivyo baridi. Ndipo nikapata akili yangu ya ajabu. Jumamosi iliyofuata sikumwaga. Niliacha kilichobaki, nikaongeza maji, nikaongeza dawa kidogo mpaka rangi ikarudi, nikafunga kizibo. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Wadi za wenzetu ziliishiwa, yetu haikuishiwa.

Ilipita miezi kadhaa, ukaitishwa mkutano mwingine. Mwenyekiti alinisimamisha mbele za watu akasema, "Ndugu zangu, mwigeni huyu dada. Wadi yake haijaomba dawa ya ziada." Nilipigiwa makofi na madereva, wapishi na waganga. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Nina, yaani nilikuwa na, mdogo mmoja tu wa kike. Yeye aliolewa Kawe, kwenye ukoo wa wavuvi, watu wa pwani waliokaa pale tangu mababu. Mimi nilikuwa na miaka sita kwenye ndoa na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Mdogo wangu aliposhika mimba ya kwanza nilifurahi kwa ajili yake na niliumia kwa ajili yangu, yote mawili kwa siku moja, na sioni haya kusema hivyo. Mama mkwe wake alitaka azalie nyumbani, kwa mkunga mmoja wa mtaani aliyewapokea watoto wake wote saba. Nilifunga safari mpaka Kawe kumpinga.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kumwomba mdogo wangu akajifungulie kwetu."

"Marahaba. Kwani huku watoto hawazaliwi?"

"Wanazaliwa, mama. Lakini sie kule kuna dawa. Hakuna anayemgusa mtoto kabla hajanawa kwenye dawa."

Akasema, "Haya. Ukimchukua umemchukua wewe." Nilidhani nimeshinda. Nilimchukua mdogo wangu akakae kwangu Temeke miezi ya mwisho, na nilimtunza kwa samaki na mlenda kama yai.

Uchungu ulimkuta mwezi mmoja na nusu kabla ya wakati. Alizaa mtoto wa kike mdogo sana, kifua chake ningeweza kukifunika kwa kiganja. Alilia, akapumua, tukamweka chumba cha joto pamoja na watoto wengine wanne. Siku ile ya kwanza nilimshika mimi, nikamfuta mimi, nikamsafisha kitovu kwa pamba niliyoichovya kwenye chupa yangu. Mdogo wangu kitandani alikuwa akiniangalia na kutabasamu. "Dada," alisema, "mie sina wasiwasi, mtoto yuko mikononi mwako."

Siku mbili baadaye mtoto wa kitanda cha dirishani aliacha kunyonya. Kitovu chake kilikuwa kimelowa, na shashi iliyokifunika ilikuwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu, kama kutu inayoota kwenye shaba. Ilikuwa na harufu tamu tamu, ya matunda yaliyolala kwenye kapu. Alipata homa, kisha akapoa kuliko inavyotakiwa, akafa siku ya tatu kabla ya adhuhuri. Tulisema alizaliwa dhaifu. Mama yake, mwanamke mmoja wa Mtoni aliyekuwa na mazungumzo mengi na ya kuchekesha, alifunga kanga zake bila neno moja, akamchukua marehemu wake na kuondoka na ndugu zake.

Kisha akaanza wa pili, kwa rangi ile ile.

Sista alitukusanya. Alitaka chumba kipakwe chokaa, magodoro yatolewe juani, nepi zichemshwe mara mbili. "Na mikono," alisema kwa sauti yake ile ya chini. "Naweni. Kabla na baada. Sitaki kumwona mtu anapita mlangoni bila kunawa." Mipira ya mikono ilikuwepo jozi mbili tu, ya chumba cha kuzalishia, ikichemshwa na kupakwa poda irudiwe tena, hiyo haikuwa yetu. Kwa hiyo tukanawa kwenye beseni. Tulinawa mpaka ngozi za vidole zikachubuka. Mimi nilijaza beseni mara mbili kwa siku badala ya moja, na nilijiona mtu wa maana katika vita ile. Wa pili naye akafa.

Hofu ya wadi ya watoto haina kelele. Watu wazima wakiogopa wanapiga mayowe, lakini sisi tulianza kunyata. Tuliacha kutaniana, tukaacha hata kuitana kwa sauti, tukawa tunafunua shashi moja baada ya nyingine tukiwa tumeshikilia pumzi. Kila nikifunua ya mpwa wangu nilikuwa nafumba jicho moja kwanza, kama mtoto anayeangalia asichotaka kukiona. Ilikuwa nyeupe. Nilimshukuru Mungu, nikaenda kitanda kingine, nikanawa, nikarudi kuifunua tena.

Katika siku hizo kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kinawasha pembeni ya ukucha. Ngozi ilivimba kidogo, na ukucha wenyewe ulikuwa na doa. Nilifikiri ni kisamvu, maana nilikuwa nimetwanga kisamvu Jumapili, na rangi yake mnaijua inavyong'ang'ania. Nilisugua kwa majivu, haikutoka. Nikasahau. Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha shashi ya mtoto wa tatu. Nikaishika kwa ncha za vidole, nikainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, na hapo nikaona shashi na ukucha vimekaa pamoja, sentimita moja kati yao. Rangi ilikuwa moja.

Sikupiga kelele. Niliirudisha shashi chini, nikauficha mkono chini ya aproni. Nilihesabu niliowagusa. Wa dirishani nilimgusa. Wa pili nilimgusa. Huyu nilikuwa namgusa muda ule ule. Mpwa wangu nilimgusa kuliko wote, kwa sababu ya mapenzi nilimgusa hata pasipokuwa na haja. Nilijiuliza nimeupata wapi ugonjwa huu, na sikujua, nilijua tu kwamba natembea nao kidoleni na kuugawa.

Ningeenda kwa Sista pale pale, haya yangekuwa masimulizi ya namna nyingine. Sikwenda. Niliogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kuitwa mbele ya mkutano ule ule ulionipigia makofi. Niliogopa polisi. Nilifunga kidole plasta, nikamwambia mwenzangu nimejikata na kisu, na kuanzia saa ile sikumgusa tena mpwa wangu. Nilijipa kazi za sakafu, za shuka, za kuandika. Nilijidanganya kwamba hiyo inatosha.

Siku ileile alasiri, saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe alikuja kutoka Kawe na kanga mpya na chupa ya uji. Alinawa vizuri kwenye beseni kama nilivyomwelekeza, akaingia, wakampa mjukuu wake amwone. Alimwombea dua, akamwangalia vidole kimoja kimoja, kisha akageuka na kuninyooshea mtoto mbele ya watu.

"Haya mama mkubwa, mshike mwanao. Mbona umekaa mbali leo?"

Nilirudi nyuma hatua moja. Mikono niliitia mifukoni.

"Mshike bwana, hang'ati."

"Nina kazi, mama," nilisema. "Baadaye."

Kwetu dada mkubwa hakatai mtoto wa mdogo wake akinyooshewa, hasa dada asiyezaa. Anamshika hata kama ana maumivu, ili watu waone moyo wake ni mweupe. Akikataa, kila mtu anajua maana yake, au anadhani anajua. Mama mkwe alimvuta mtoto kifuani, akamfunika uso kwa upindo wa kanga nisimtazame. "Muacheni," aliwaambia wanawake wenzake, bila kunung'unika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Tumbo lake halijashika. Si ajabu roho ikimuuma." Nilimtazama mdogo wangu anitetee. Alikuwa anaangalia ukuta.

Nilikwenda stoo ya shuka nikalia. Nililia kwa uchungu wa kusingiziwa, na nililia zaidi kwa sababu nilichosingiziwa kilikuwa afadhali kuliko kilichokuwa kweli.

Mtoto wa tatu alifariki alfajiri kabla ya zamu yangu. Nilipofika asubuhi godoro lake lilikuwa juani. Niliingia chumba cha joto nikiwa nimeishika mikono nyuma, nikainama juu ya kitanda cha mpwa wangu bila kumgusa. Alikuwa mwekundu usoni, anapumua haraka haraka, na titi alilopewa alilitema. Mwenzangu aliifunua shashi. Kabla sijaona chochote niliisikia ile harufu tamu.

Nikatoka. Kila mtu alikuwa anahitaji kunawa na beseni lilikuwa tupu, kwa hiyo nikafanya kazi yangu ya kila siku, miguu ikinipeleka yenyewe. Niliichukua chupa, nikaiinamisha juu ya beseni. Ilikuwa imebaki kidogo, na kwa kawaida kiasi hicho ningekiacha nikaongeza juu yake. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha joto na chupa ikainama kupita kiasi, ikamimina mpaka mwisho. Maji ya mwisho hayakutoka kama maji. Yalitoka kwa kuvutika, yenye utelezi, kama ute wa bamia, yakaning'inia kwenye shingo ya chupa kabla ya kudondoka. Yalikuwa ya kijani.

Nilisimama pale na chupa mkononi. Kwa miezi yote ile sikuwa nimeuona mwisho wa chupa ile hata mara moja. Dawa niliyokuwa naongeza juu ilikuwa dhaifu, nimeipima kwa jicho na kwa rangi, na chini yake kitu kilikuwa kimeizoea, kinakaa, kinalishwa na mimi kila Jumamosi. Kutoka pale kilikwenda kwenye beseni, kwenye taulo, kwenye mikono ya kila mmoja wetu, kwenye pamba, kwenye vitovu. Tulipoogopa zaidi tulinawa zaidi. Kidole changu hakikuanzisha kitu; kilikuwa kimeugua kama watoto walivyougua, kwa sababu kilichovya kuliko vidole vyote.

Nikasikia maji yakichezwa. Mdogo wangu alikuwa amekuja nyuma yangu, kikombe cha kukamulia maziwa ameking'ata kwa meno, na mikono yake yote miwili alikuwa ameitumbukiza ndani ya beseni mpaka juu ya vifundo. Alikuwa ananawa taratibu, kidole kwa kidole, hasa kama nilivyomfundisha.

"Toa mikono!" nilimpigia kelele. Nilimkamata nikamvuta, kikombe kikaanguka, beseni likapinduka, maji yakatapakaa mpaka uvunguni mwa vitanda.

"Dada, una nini wewe?" Alikuwa analia. "Mtoto unamkataa, na mie kunawa unanikataza? Si mwenyewe ulinifundisha?"

Nilikwenda kwa Sista nimeshika chupa, nikang'oa plasta mbele yake, nikaweka kidole mezani. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, tangu mkutano wa kwanza. Hakunikatiza. Aliinusa chupa, akakiangalia kidole, akaniuliza kitu kimoja tu, "Na kidole umekiona lini?" Nikasema jana. Alifumba macho. Kisha akasimama, akachukua ufunguo kiunoni, akafungua kabati. Rafu ya chini, nyuma ya mablanketi, ulikuwepo mche wa sabuni mzima haujakatwa, na wa pili, na wa tatu.

"Nilikuwa nimeziweka akiba," alisema. "Kwa ajili ya siku hali itakapokuwa mbaya zaidi."

Tulitazamana, watu wawili waliotunza vizuri. Sijapata kuona uso wa mtu umeogopa vile, na nadhani naye alikuwa anasema hivyo hivyo juu ya uso wangu.

Daktari aliitwa. Alichukua pamba za kitovu, za kidole na za chupa akazipeleka maabara mwenyewe, na bila kusubiri majibu akaanza kuwachoma sindano mpwa wangu na mtoto mwingine aliyebaki. Beseni lilitolewa nje. Tulinawa kwa sabuni, mwenzako akikumiminia maji kwa jagi, na taulo likachomwa. Majibu yalirudi kama tulivyojua: mdudu mmoja kote. Sista aliandika kwenye kitabu cha wadi kwamba chupa imebadilishwa. Hakuandika zaidi ya hapo, na daktari alisoma akatia sahihi. Nilisubiri kuitwa, siku baada ya siku, kila hatua ya kiatu kwenye varanda nikifikiri ndiyo hiyo. Hakuna aliyeniita.

Nilihamishiwa dirisha la kuandikisha wagonjwa mpaka kidole kipone. Kwa siku saba nilimwona mpwa wangu kwa kupitia wavu wa dirisha tu, nikipita uani kwa visingizio. Siku ya pili alikuwa hajitambui. Siku ya nne nilimwona mdogo wangu ameinamisha kichwa nikajua kwisha, nikakaa chini kwenye mchanga na yunifomu yangu nyeupe. Kumbe alikuwa anainama kusikiliza. Mtoto alikuwa ananyonya, kwa mara ya kwanza tangu augue, na anafanya sauti.

Alipona. Yule mwingine naye alipona.

Arobaini ya mtoto ilifanyika Kawe, uani kwa mama mkwe, watu wamejaa, maulidi yamesomwa, pilau limepakuliwa. Mtoto alipita mkono kwa mkono kwa wanawake wote. Akifika kwa aliyekaa kulia kwangu, anaruka kwa aliyekaa kushoto. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikamwita mdogo wangu nyuma ya jiko, mchana kweupe, kuku wakitupita miguuni, nikamweleza. Nilimwambia kwa nini sikumshika. Nilimwambia habari ya chupa. Nilitegemea atalia au atanipiga, au labda atanikumbatia aseme, kumbe hukuwa na wivu.

Alinisikiliza hadi mwisho huku anang'oa nyuzi kwenye upindo wa kanga yake.

"Wale mama watatu wanajua?" aliniuliza.

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi mie siyo wa kuambiwa, dada. Mie wangu yuko hai, yuko pale anarushwa rushwa. Nenda kwao. Wa Mtoni si unapajua kwake? Anza na huyo. Ukishamwambia, ndio urudi hapa kwangu."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Njiani nilikuwa na sentensi moja tu niliyoipanga, naisema kimoyomoyo kwa kila hatua: dawa niliyoitunza mimi ndiyo iliyomuua mwanao. Nilimkuta anapepeta mchele kibarazani. Aliponiona alitupa ungo.

"Nesi! Mama, njoo uone, nesi kaja!" Mama yake akatoka, majirani wakatoka. Nilikalishwa kwenye mkeka. Alikuwa anawaeleza wote kwa mkupuo, machozi na kicheko pamoja, kwamba tangu msiba hakuna mtu wa hospitali aliyefika hata kutoa pole, ila mimi. Kisha aliichukua mikono yangu, yote miwili, akaigeuza viganja juu, akawaonyesha.

"Hii ndiyo iliyomwosha mwanangu," alisema. "Mie mwenyewe nilikuwa sijiwezi. Huyu alimwosha kila siku, asubuhi na jioni, hakuchoka." Akaibusu. "Mungu akinijalia mwingine, nitakuja kwako wewe wewe."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sentensi ilikuwepo. Nilimwangalia yeye, nikamwangalia mama yake aliyekuwa anajifuta macho, na nikaogopa kuliko siku zote za wadini.

"Ni kazi yetu, mama," nilisema.

Nilikula chakula chao, nikawaaga, nikapanda basi mpaka mjini, na jingine mpaka Kawe. Mdogo wangu alikuwa kibarazani anamnyonyesha mtoto. Aliponiona alisimama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amenisamehe," nilisema.

Mdogo wangu akaanza kulia. Akamtoa mtoto kwenye titi, akamfunga vizuri kanga yake, akaninyooshea. Nikampokea.